Land Rover ya zamani, injini kubwa: angalia ekseli ya nyuma kabla ya kutoa pesa

Wiki hii tunaacha kidogo mahindi, maharage na hati fungani, tunaingia gereji. Wasomaji kadhaa wenye mitaji midogo wameuliza swali linalofanana. Mtu amepata Land Rover 109 ya miaka ya 1970, bodi bado nzima, chasisi haijaoza, lakini injini imekufa. Anashauriwa afunge injini yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani, kisha gari liingie kazini: kubeba wageni, kubeba mizigo ya mnadani, au kupambwa na kuuzwa kwa wapenzi wa magari ya kale. Anauliza, je, mtaji utarudi?

Jibu letu linategemea ekseli ya nyuma kuliko injini. Wengi hununua injini kwanza kwa sababu ndiyo inayosikika. Ekseli haisikiki mpaka siku inapokatika, na siku hiyo gari huwa mbali na mjini.

Kwanza tueleze kwa nini biashara hii ipo. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Land Rover ya kwanza mwaka 1948, na gari la mwisho la ukoo huo, Defender ya kale, lilitoka kiwandani tarehe 29 Januari 2016. Yaliyobaki barabarani ndiyo hayo hayo, hayaongezeki. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya magari hayo, na waliohudhuria walijionea kuwa yale ya springi za majani bado yana wapenzi. Kitu kisichotengenezwa tena na bado kinatafutwa, mfanyabiashara anajua maana yake. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa leo anataka sura ya mwaka 1975 na mwendo wa leo, na hapo ndipo injini kubwa inapoingia.

Nguvu inavyofika kwenye gurudumu

Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyokuja na magari hayo ilikuwa na nguvu za farasi 62 hivi, na nguvu ya kusokota kama nyutonimita 140. Kwa asiyezoea kipimo hiki, nyutonimita 100 ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 10 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Injini ya 200Tdi ya lita 2.5 yenye tabo, iliyotoka mwaka 1989 pamoja na Discovery, ina nyutonimita 265. Toyota 1HZ ya lita 4.2, mitungi sita, ile ya Land Cruiser za tangu mwaka 1990, ina nyutonimita 285 bila tabo. Hizo mbili ndizo mafundi wengi hutaja mtu akiuliza abadilishe na nini. Kwa ufupi, nguvu ya kusokota inakaribia kuzidishwa mara mbili.

Sasa fuata nguvu hiyo ikishuka chini. Katika Series III gia ya kwanza huizidisha kwa 3.68. Gia boksi ya pili, upande wa gia za juu, huizidisha tena kwa 1.15. Difu humalizia kwa 4.7. Ukizidisha zote unapata 19.9. Kwa hiyo dizeli ya zamani ilikuwa ikipeleka nyuma nyutonimita 2,800 hivi, yaani 1,400 kwa kila hafu-shafti, tukiacha kile kinachopotea njiani. Injini ya 200Tdi inapeleka kama 5,270, yaani zaidi ya 2,600 kwa kila upande. Hapo gari linavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Ukiingiza gia nzito za gia boksi ya pili, ambazo huzidisha kwa 2.35 badala ya 1.15, jumla inakuwa 40.7, ingawa hapo ekseli ya mbele nayo inasaidia.

Lakini hafu-shafti haivunjwi na injini peke yake. Tairi ikiteleza, nguvu inaishia pale, shafti haipati zaidi ya kile ambacho tairi inaweza kukishika ardhini. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,500 juu ya ekseli ya nyuma, tairi za 7.50-16 ambazo kimo chake kutoka ardhini hadi katikati ya gurudumu ni kama sentimita 40, na barabara kavu inayoshika vizuri. Tairi zitaanza kuteleza kila hafu-shafti ikiwa imebeba nyutonimita 2,350 hivi. Pakia magunia mpaka ekseli ibebe kilo 2,000, kiwango kinapanda hadi 3,100 hivi.

Linganisha hesabu hizo mbili, msomaji, maana siri yote iko hapo. Kwa dizeli ya zamani katika gia za kawaida, injini ilikuwa inazimika kabla tairi haijateleza na kabla shafti haijaumia. Udhaifu wa injini ndio uliokuwa ulinzi wa ekseli. Shafti zilikatika hata wakati huo, ndiyo, lakini mara nyingi katika gia nzito, kwenye mlima ambapo mbele kumekuwa kwepesi na mzigo wote umelalia nyuma, au dereva alipoachia klachi ghafla. Ukifunga injini mpya umeondoa ulinzi ule, na sasa shafti inaweza kufikishwa kwenye kikomo cha tairi katika gia ya kawaida, kila asubuhi, kwenye kila mlima. Ongeza tairi pana na mzigo, umepandisha kikomo chenyewe.

Wanaofunga difu ya kufunga, ile inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, wajue pia kwamba gurudumu moja likining'inia hewani, shafti ya upande wa pili inabeba kila kitu peke yake.

Ekseli mbili sokoni

Nyuma ya Land Rover za springi za majani utakuta ekseli za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile ya Rover yenyewe. Ganda lake ni jepesi, mviringo wa katikati hauna kifuniko cha kufungua nyuma, na difu hutolewa kwa mbele ikiwa nzima. Hafu-shafti zake za zamani zina meno 10 upande wa difu, na ndizo zilizoipa gari sifa mbaya ya kukata shafti.

Ya pili ni Salisbury, iliyofungwa nyuma ya 109 tangu mwaka 1972, ikaendelea kwenye One Ten iliyozinduliwa mwaka 1983 na kwenye Defender 110 kwa miaka mingi baadaye. Huwezi kukosea ukiiona. Katikati kuna bonge la chuma cha kusubu, mirija miwili imeshindiliwa humo kulia na kushoto, na nyuma kuna kifuniko kilichofungwa kwa bolti kumi. Shafti zake zina meno 24, na krauni yake ni kubwa, inchi 9.75. Inabeba oili lita 2.5 hivi, wakati ya Rover inabeba 1.75.

Salisbury si mgeni kwa wanaofuatilia magari ya Marekani. Ni ukoo mmoja na Dana 60, iliyotengenezwa Uingereza kwa leseni. Kule Marekani wanaojenga upya magari ya kale ya V8 wanabishana kila siku kati ya Dana 60 na ekseli ya Ford ya inchi 9 iliyoanza mwaka 1957. Dana ina nguvu lakini ni nzito na usumbufu kuipanga. Ford difu yake hutoka kwa mbele ikiwa nzima, unaweka nyingine unaondoka. Ubishi huo huo ndio wetu wa Salisbury na Rover, tofauti ni kwamba Rover haina nguvu ya Ford.

Ipo na ya tatu, ENV, iliyofungwa kwenye baadhi ya magari ya kazi nzito miaka ya 1960. Ni imara sana. Lakini spea zake ni adimu, na kwa mwenye mtaji mdogo spea adimu ni pesa iliyofungwa. Mwenye nayo aitunze, asiyekuwa nayo asiitafute.

Kwa gari refu la kubeba mzigo lenye injini mojawapo ya zile mbili tulizotaja, hatuoni sababu ya kubishana: chukua Salisbury. Ukinunua 109 ya kabla ya 1972, tegemea kukuta ya Rover, na kata bei mapema kwa ajili ya kuibadilisha. Kumbuka pua ya difu ya Salisbury ni ndefu, hivyo propela ya nyuma nayo hubadilika urefu. Anayekuuzia ekseli bila propela yake hajakuuzia kitu kamili.

Kwa gari fupi, 88, hesabu ni nyingine. Halibebi sana, Salisbury ni nzito kwake, na lile bonge la chini hupunguza nafasi ya kupita juu ya mawe. Hapo tunaona busara kubaki na Rover, kununua shafti za chuma bora kuliko za kiwandani, na kubadilisha uwiano wa difu kama tunavyoeleza hapa chini.

Uwiano wa difu ni pesa pia

Wengi hubadilisha injini wakaacha difu ya 4.7. Matokeo yake injini mpya inapiga kelele tupu. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika katika gia ya nne, gari lenye 4.7 linakwenda kilomita 80 hivi kwa saa. Lenye difu ya 3.54 linakwenda kama 108 kwa mizunguko ile ile. Dizeli inayopungua kwenye safari ya Arusha hadi Dodoma si ndogo.

Faida ya pili haisemwi sana. Difu ya 3.54 inazidisha nguvu kidogo, kwa hiyo katika gia ile ile shafti inabeba pungufu ya robo nzima. Aidha, katika ekseli ya Rover difu ya 4.7 ina pinia ya meno 10 na krauni ya meno 47, wakati ya 3.54 ina pinia ya meno 13 na krauni ya 46. Pinia yenye meno mengi ni nene, haivunjiki kirahisi. Difu za Range Rover za zamani zenye shafti za meno 10 huingia kwenye ekseli ya Rover bila kukata chuma, na hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kwa gari fupi. Hasara ni kwamba kwenye mlima mkali wenye mzigo gia ya kwanza haitakuwa nzito kama zamani. Anayefanya kazi ya mawe tupu na mwendo wa konokono abaki na 4.7.

Mtego ulipo ni huu: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Tumeona gari zuri, rangi mpya, viti vya ngozi, nyuma 3.54 na mbele 4.7. Muuzaji analiendesha lami kwa magurudumu mawili, hakuna tatizo. Siku ya matope ukiingiza magurudumu manne ekseli zinashindana, na kitu kinavunjika. Dawa ni kuhesabu mwenyewe. Inua upande mmoja tu wa ekseli, tia gia boksi huru, zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili na hesabu mizunguko ya propela. Ikikaribia mitano ni 4.7. Ikiwa mitatu na nusu ni 3.54. Fanya nyuma, kisha mbele. Dakika kumi tu.

Hasara tuliyoiona kwa macho

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kuweka pesa kidogo, pamoja na ndugu wawili, kwenye 109 ya mwaka 1971 iliyofungwa 200Tdi. Fundi, ambaye hatutamtaja, alisema ekseli ni nzima, tusipoteze pesa. Safari ya tatu gari lilitoka Simanjiro na maharage yetu na ya mtu mwingine. Kwenye kivuko cha korongo dereva alipanda ukingo kwa gia ya kwanza, ukasikika mlio kama wa risasi, gari likarudi nyuma taratibu. Shafti ya kushoto ilikuwa imekatika karibu na difu.

Kilichotuokoa ni muundo wa gari lenyewe. Ekseli zote mbili tulizozitaja ni za aina ambayo gurudumu linabebwa na habu, si na shafti. Shafti inazungusha tu. Kwa hiyo unaweza kufungua flanji, kuvuta kipande, na gari likabaki limesimama kwenye magurudumu yake. Dereva alitoa shafti zote mbili, akabonyeza kirungu cha njano kuingiza magurudumu ya mbele, akarudi mjini akivutwa na ekseli ya mbele peke yake. Lakini kipande cha ndani kilikuwa kimebaki kwenye difu, na vyuma vidogo viliingia kwenye meno ya krauni. Hafu-shafti moja ikageuka kuwa difu nzima, siku tisa gereji, na mwenye maharage mengine alitaka fidia kwa sababu mnada ulimpita.

Weka hesabu kwa namba za mfano, si bei za soko. Tuseme gari linaingiza shilingi 150,000 kwa siku, na Salisbury kamili pamoja na propela na kufunga inagharimu milioni 3. Gari lisilo nayo likilala mara nne kwa mwaka, siku tano kila mara, limepoteza milioni 3 za mapato kabla hujanunua spea hata moja. Ekseli imejilipa ndani ya mwaka. Lakini kama gari ni la maonyesho, linatoka Jumapili tu, hesabu hiyo haipo, na milioni 3 zako zingefanya kazi zaidi kwenye breki. Weka namba zako mwenyewe kabla hujaniamini.

Unaponunua Salisbury kuukuu

Usinunue ikiwa tayari imesafishwa na kupigwa rangi. Taka yenyewe ni ushahidi. Fungua bolti ya oili na uchukue kidogo mkononi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na beringi huenda zimeanza kula kutu. Unga unaong'aa kidogo ni wa kawaida kwa umri wake, lakini punje za chuma zinazoshikika kwa vidole ni meno. Shika pinia kwenye flanji ya propela, ivute mbele na nyuma: isicheze hata kidogo. Kuizungusha kushoto na kulia ruhusu mchezo mdogo. Kisha omba kifuniko kifunguliwe, ukague krauni jino kwa jino. Muuzaji akikataa kufungua bolti kumi, mwachie mali yake.

Jambo moja linawakamata wengi. Difu ya Rover mtu yeyote mwenye spana anaweza kubadilisha porini: unatoa shafti, unatoa propela, unavuta difu, unaweka nyingine nzima iliyopangwa mjini. Salisbury haibadilishwi hivyo. Krauni na beringi zake hupangwa ndani ya ganda lenyewe kwa shimu nyembamba, na kitabu cha kiwanda kinataka kifaa cha kupanua ganda pamoja na geji ya kupimia mchezo wa meno. Fundi anayeipanga kwa kuisikiliza atakurudishia ekseli inayolia kama king'ora baada ya miezi miwili. Kabla hujanunua, uliza nani mjini kwako ana vifaa hivyo. Kama hayupo, nunua ekseli ambayo haijawahi kuguswa ndani, na uiache hivyo.

Usisahau kwamba ukiimarisha ekseli umehamisha udhaifu. Hafu-shafti ya meno 10 ilikuwa kama fyuzi, ilikatika yenyewe ikaokoa vingine. Ukiweka Salisbury, kinachofuata kwa udhaifu ni gia boksi ya Series, ambayo haikutengenezwa kwa nyutonimita 265. Dereva asiyejua kuachia klachi taratibu ataimaliza. Tunashauri dereva aendeshe gari lililopakiwa kabla ya kukabidhiwa funguo, na mwenye mali akae pembeni yake. Breki nazo ni za ngoma, zilipangwa kwa gari la kilomita 80 kwa saa.

Mwisho kuna karatasi. Injini ikibadilishwa, kadi ya gari nayo lazima ionyeshe namba ya injini iliyopo. Gari ambalo kadi inasema lita 2.25 na chini ya boneti kuna mitungi sita ya Toyota litakusumbua siku ya bima na siku ya kuuza, na mnunuzi mjanja atakata bei kwa kasoro hiyo kuliko kwa kutu. Ekseli haina namba kwenye kadi, lakini tunza risiti yake na picha za krauni siku ilipofunguliwa. Mnunuzi wa gari la kale hulipa zaidi akiona kilicho ndani bila kulazimika kukifungua.

Kwa aliyekwisha kufunga na gari liko barabarani: kagua kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, ekseli ya moto ikizama kwenye maji baridi ya korongo itayavuta ndani kupitia sili.